Deheni ya Mpira wa Mkojo

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Mgonjwa ashindwaye kukojoa huwekewa katheta, almaarufu mpira wa mkojo, ili apate nafuu. Kumbe mpira uo huo huwa daraja la maradhi. Kila siku ukaapo mwilini, uwezekano wa bakteria kuingia katika mkojo huongezeka kwa asilimia 3 hadi 7.

Bakteria hao hujishikiza kwenye mpira, wakazaana na kujifunika utando mtelezi ambao dawa huupenya kwa shida. Proteus mirabilis ni msumbufu zaidi: huigeuza yurea kuwa amonia, mkojo ukapoteza uasidi wake, na madini yakaganda hadi yakauziba mrija.

Mabaharia wa pwani yetu si wageni wa tatizo la namna hii. Chombo kikaacho majini huvamiwa na viumbe, ndiposa hudeheniwa, yaani hupakwa mchanganyiko wa chokaa na shahamu. Wanasayansi nao wameidehenia katheta. Wapo waliotumia madini ya fedha, na wapo waliotumia nitrofurazoni. Anthony Brennan wa Chuo Kikuu cha Florida hakupaka sumu yoyote. Akitafuta namna ya kuvizuia viumbe vya bahari kung'ang'ania manowari za Marekani, aliiga mistari ya ngozi ya papa. Baadaye ruwaza hiyo ikajaribiwa maabarani kwa ajili ya katheta.

Je, deheni hizi zafaa? Jaribio lililofanywa Uingereza katika hospitali 24, na kuchapishwa katika Lancet mwaka wa 2012, liliwahusisha wagonjwa zaidi ya 6,000. Kwa katheta isiyo na dawa, asilimia 12.6 waliambukizwa, kwa fedha, 12.5, kwa nitrofurazoni, 10.6. Fedha haikufua dafu, nayo nitrofurazoni iliwakera wagonjwa zaidi.

Tatizo moja ni kwamba protini za mwili huifunika deheni yenyewe, bakteria wakapata pa kukanyaga. Baharia hukipweleza chombo, akakisugua na kukideheni upya. Mpira ulio ndani ya mwili hauna ufuo wa kupwelezewa. Hadi ipatikane deheni idumuyo, kinga iliyo bora ni muuguzi kuuliza kila asubuhi: je, mgonjwa huyu angali anauhitaji mpira huu?