Aracataca, Mji wa Babu na Mjukuu

Katika nchi ya Colombia, huko Amerika ya Kusini, upo mji mdogo uitwao Aracataca. Umejengwa katika uwanda wenye joto kali, nao umezungukwa na mashamba ya migomba na michikichi. Na kwa mbali yaonekana milima ya Sierra Nevada de Santa Marta, ambayo vilele vyake vina theluji. Mgomba si mgeni kwa mkulima wa Afrika ya Mashariki. Lakini mwanzoni mwa karne ya 20, ndizi za huko zilikuwa chini ya mkono wa kampuni moja ya Kimarekani, United Fruit Company, nazo zilisafirishwa kwa reli hadi pwani.

Katika mji huo alizaliwa Gabriel García Márquez mwaka 1927. Wazazi wake walihamia kwingine, naye akalelewa na wazazi wa mama yake. Babu yake, Kanali Nicolás Márquez, alikuwa amepigana katika Vita vya Siku Elfu, vilivyoanza mwaka 1899 na kwisha 1902, upande wa walioshindwa. Alikuwa pia sonara, akifua samaki wadogo wa dhahabu katika karakana ya nyumbani kwake. Bibi yake, Tranquilina, alisimulia habari za mizimu na wafu kwa uso mtulivu, kama mtu anayetaja bei ya chumvi sokoni.

Mzee huyo alikuwa na desturi isiyoonekana kwa wazee wengi: mtoto akiuliza, hakumfukuza. Siku moja mtoto alistaajabu kuona samaki waliokuwa wagumu kama mawe katika duka la kampuni. Babu hakumpa maneno matupu. Alimshika mkono, akampeleka aiguse barafu mwenyewe.

Siku nyingine sarakasi ilifika mjini, ikiwa na mnyama mwenye nundu. Katika Kispania, ngamia wa nundu moja ana jina lake, na wa nundu mbili ana lake. Mzee akakosea jina, na mtu aliyesimama karibu akamsahihisha mbele ya mjukuu wake. Hakukasirika. Alirudi nyumbani, akafungua kamusi, akajifunza tofauti yao. Kisha akampakatisha mtoto kitabu hicho, ingawa mtoto alikuwa bado hajui kusoma. Na alipoona mtoto anapenda kuchora, aliupaka ukuta wa karakana chokaa nyeupe ili achore apendavyo.

Tena hakumficha mambo mazito. Mwaka 1908 mzee alikuwa ameua mtu katika ugomvi wa heshima, ndipo akahama kwao. Uzito wa tendo hilo alimweleza mjukuu wake. Alimsimulia pia jinsi wafanyakazi wa mashamba ya migomba waliogoma walivyopigwa risasi na askari jeshi mjini Ciénaga, mwezi wa Desemba 1928. Hata leo watu hawajapatana juu ya hesabu ya waliokufa.

Babu alifariki mwaka 1937, akiwa bado anaingojea pensheni ya vita ambayo haikuja kamwe. Lakini mjukuu hakumsahau. Mwaka 1961 alitoa kitabu juu ya kanali mzee anayengoja barua ya pensheni. Mwaka 1967 akatoa Cien años de soledad, ambamo mna kanali afuaye samaki wa dhahabu, na mtoto aliyepelekwa kuona barafu. Mwaka 1982 alipewa Tuzo ya Nobel ya fasihi. Alifariki mwaka 2014.

Nyumba ya mzee imejengwa upya mahali pake, na tangu mwaka 2010 ni makumbusho. Wageni hutoka mbali kuitazama.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Neno hilo huambiwa anayeuliza. Huko Aracataca, anayeulizwa naye apata fundisho lake.  Mzee yule alimpa mtoto mkono wake, jibu la kweli, na kamusi moja. Na hayo hayamshindi babu yeyote, hata asiye na ng'ombe zizini.