Bata wa Maziwa ya Upemba: Dume au Jike?

Mtu asafiriye kwa gari-moshi kutoka Lubumbashi kwenda Kamina hupita kwanza katika nchi ya juu ya Katanga, nchi ya migodi na ya hewa baridi. Baada ya Tenke njia huanza kushuka, na joto huongezeka, hata msafiri afikapo Bukama huona mbele yake mto Lualaba. Reli ilifika hapo mwaka 1918, na tangu siku hizo Bukama pamekuwa mlango wa nchi nyingine kabisa, nchi ya maji. Kutoka hapo hata Kongolo mto waweza kuchukua vyombo kwa mwendo wa kilomita zaidi ya 600.

Chini ya Bukama Lualaba hauna tena haraka. Bonde ni pana na sawasawa, na mto hutanda huku na huku, ukifanya maziwa na vinamasi: Upemba, Kisale, na maziwa mengine madogo kadha wa kadha. Mafunjo husimama pande zote kama ukuta wa majani mabichi. Katika ziwa Kisale mafunjo hayo hushikamana kwa mizizi yakawa visiwa vinavyoelea, na wavuvi hujenga vibanda vyao juu yake. Mgeni hushangaa kuona moshi wa jiko ukitoka mahali ambapo hapana ardhi.

Nchi hii si ya jana. Huko Sanga, kando ya Kisale, wataalamu walichimba makaburi ya kale katika miaka 1957 na 1958, wakakuta vyungu vizuri na vyombo vya shaba vilivyozikwa pamoja na wafu. Kwa hiyo twajua kwamba watu walikaa kando ya maji hayo, wakavua samaki na kufua madini, yapata miaka elfu iliyopita. Bila shaka hao nao waliinua macho jioni na kutazama bata wakipita.

BATA WENYEWE

Maana bata ni wengi, na si wa namna moja. Msafiri asiyezoea husema tu, “Tazama, bata!” Lakini mvuvi wa Kisale huwatofautisha kama mwalimu anavyowatofautisha wanafunzi wake.

Wa kwanza ni bata wa filimbi, mwenye uso mweupe na shingo nyeusi, asimamaye wima kama askari. Sauti yake si ya bata wa nyumbani. Ni mluzi wa noti tatu, nao husikika usiku, kwa kuwa ndege huyu hupenda kutafuta mbegu za majani wakati watu wamelala.

Wa pili ni bata mwenye nundu. Mgongo wake ni mweusi wenye kung’aa, tumbo ni jeupe, na kichwa cheupe kimetiwa madoadoa meusi. Dume ana nundu kubwa nyeusi juu ya mdomo, nayo huzidi kukua wakati wa kuzaa. Jike hana nundu, tena ni mdogo zaidi.

Wa tatu ni yule mkubwa kupita wote, ambaye wengine humwita bata-bukini wa porini, mwenye mwiba mkali katika kiungo cha bawa. Dume mzima aweza kufika kilo sita na zaidi. Wa nne ni mdogo kuliko bata wote wa Afrika. Hukaa kati ya mayungiyungi, na dume wake ana alama ya kijani ubavuni mwa shingo. Huyo hana nyama ya kutosha kujaza kijiko, afadhali aachwe awe pambo la ziwa.

SWALI LA WAWINDAJI

Basi wawindaji huuliza: kama mtu ana ruhusa ya kuwinda, na bata wawili wamo mbele yake, apige yupi, dume au jike?

Wazungu wana jibu lao la zamani: piga dume, acha jike. Tusilicheke jibu hilo, maana lina sababu. Bata wa porini wa Ulaya na Marekani ya Kaskazini, yule ambaye dume wake ana kichwa cha kijani na jike ni wa rangi ya kahawia, hana ndoa ya kudumu. Jike akianza kulalia mayai, dume humwacha akaenda zake. Jike peke yake hulalia, peke yake huwalea watoto, na mara nyingi mbweha humkamata palepale kiotani. Kwa hiyo majike hufa zaidi, na madume hubaki wengi kuliko wao. Kule Arkansas, katika nchi ya Marekani, sheria ya msimu wa mwaka 2023 iliweka kikomo cha bata wa namna hiyo kwa siku, na kikomo kidogo zaidi kwa majike.

Hata mama zetu vijijini wajua hesabu hiyo bila kuandikiwa. Mgeni akija, ni jogoo anayechinjwa. Kuku mwenye vifaranga huachwa. Jogoo mmoja hutosha kwa mitetea mingi, lakini mtetea mmoja akifa, mayai yake yote yamekufa pamoja naye. Katika kundi la bata wa nyumbani ni vilevile.

Je, kanuni hiyo yafaa kuchukuliwa nzima na kupelekwa Upemba? Hapa ndipo penye kufikiri.

Kwa bata mwenye nundu yafaa sana. Dume mmoja aweza kuwa na majike wawili au zaidi, na si yeye anayelalia mayai. Jike hutafuta tundu katika mti, hutaga humo, na watoto wakiisha kuanguliwa hujitupa chini wenyewe wakamfuata mama mpaka majini. Tena nundu huonekana wazi, mwindaji hana udhuru. Lakini yampasa kungoja mwanga wa kutosha. Alfajiri yenye ukungu, ndege wote ni vivuli tu. Na apigaye kivuli hajui amepiga nini.

Kwa bata wa filimbi mambo ni mengine kabisa. Dume na jike wamefanana kwa rangi, kwa kimo na kwa mwendo, hata mtaalamu hawezi kuwatenga kwa macho. Tena desturi yao yatufundisha sisi wanadamu. Hukaa wawili wawili kwa muda mrefu, husafishana manyoya ya kichwa na shingo, na wakati wa mayai dume hulalia kama jike, pengine hata kumzidi. Watoto hulelewa na wote wawili. Mtu akisema, “Nimepiga dume, sina lawama,” kwanza hajui asemalo, na pili amewaondolea watoto mlezi vilevile.

Mzee mmoja mvuvi, niliyemwuliza habari hiyo, alinijibu hivi: “Mwalimu, bata wa filimbi hana dume wala jike machoni petu. Ana mwenzi tu. Ukitaka kuchagua, chagua mwezi, usichague ndege.”

Neno hilo la mzee lina akili nyingi. Bata hawa huzaa hasa wakati wa mvua, majani yakiwa marefu na maji yakiwa yametanda. Wakati huo ndipo wasiguswe. Bata mmoja aliyelalia mayai kumi si bata mmoja. Ukimwua, umeweka roho kumi na moja katika chungu kimoja, na kumi kati yake hazikukushibisha hata kidogo.

Kuna wakati mwingine wa kuogopa. Kila mwaka bata huangusha manyoya makubwa ya mabawa yote kwa mara moja, naye hawezi kuruka kwa majuma matatu au manne. Hujificha katika mafunjo. Kijana mwenye fimbo na mtumbwi aweza kuwaua makumi kwa siku moja. Huo si uwindaji, ni kufagia ghala huku mbegu za mwakani zimo ndani.

NJAA NA AKIBA

Najua jibu la baba wa watoto: “Mwenye njaa hachagui.” Ni kweli, na mtu mwenye shibe asiwe mwepesi wa kumhukumu mwenye njaa. Lakini njaa ya mwaka huu ina ndugu yake, njaa ya mwaka ujao. Watu wa bonde hili wameishi kwa maji yao muda wa miaka elfu, si kwa sababu samaki na ndege hawana mwisho, ila kwa sababu akiba ilibaki. Tena Hifadhi ya Taifa ya Upemba iliwekwa mwaka 1939, na ndani ya mipaka yake hakuna ruhusa ya kuua dume wala jike.

Sisi Wakristu tuna sheria iliyo ya kale kuliko hifadhi zote. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, Mungu aliwaagiza Waisraeli kwamba mtu akikuta kiota njiani, na mama amelala juu ya mayai au makinda, asimtwae mama pamoja na watoto. Amwache mama aende zake. Agizo hilo laambatana na ahadi ya heri na maisha marefu, ahadi ileile inayofuata amri ya kuwaheshimu baba na mama. Ni ajabu kubwa: ndege mdogo amewekwa karibu hivyo na wazazi wetu. Na Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato si’ wa mwaka 2015, alitukumbusha kwamba dunia ni nyumba yetu sote. Na katika nyumba mtu hachomi boriti ili apike chakula cha jioni.

Basi ninyi vijana mnaofuata baba zenu ziwani, shikeni mambo matatu. Mjue ndege kabla ya kuinua bunduki. Ikiwa dume ajulikana, naye si mlezi, twaeni dume. Ikiwa hawajulikani, au wote wawili ni walezi, ngojeni mpaka watoto waruke; kisha twaeni wachache, mkashukuru. Mkifanya hivyo, wajukuu wenu nao watasikia mluzi ule wa noti tatu ukipita usiku juu ya Kisale, na vyungu vyao havitakuwa vitupu.