Pembe ya Baruti

Babu yangu alikuwa mwindaji kule Tabora. Vitu vyake vya kuwindia vilitundikwa ukutani, juu ya kitanda: gobore, mfuko wa goroli, na pembe ya ng'ombe iliyojaa baruti. Pembe ile haikuwa na nakshi yoyote. Kitako chake kilizibwa kwa kipande cha mninga, kikapakwa nta ya nyuki unyevu usipenye, na ncha ikatobolewa na kuwekewa kijiti. Masika yakinyesha mpaka kuta za nyumba zikatoa jasho, baruti ya babu ilibaki kavu. Pembe haipitishi maji, ni nyepesi, wala haitoi cheche ikigongana na chuma, na mwindaji hakuitaka kwa lingine.

Baadaye gobore lilisalimishwa serikalini na pembe ikabaki nyumbani. Babu akaanza kutilia ugoro humo.

Miaka mingi ikapita kabla sijaona tena pembe ya namna ile, safari hii Marekani, katika jimbo la Massachusetts nilikohamia kikazi. Ilikuwa ndani ya kabati la kioo katika jumba la makumbusho, nami nikabaki nimeiinamia muda mrefu. Umbo ni lile lile la babu, lakini ngozi yake yote ilichorwa: mito, ngome, nyumba zenye mapaa marefu, simba wa mfalme wa Uingereza, na jina la mwenyewe kwa herufi za mapambo. Ilikuwa mojawapo ya pembe za askari wa vita vya Waingereza na Wafaransa vya 1754 hadi 1763. Walikaa kambini miezi na miezi wakingoja, na pembe zilikuwa nyingi kwa kuwa kila mwenye bunduki ya gumegume alihitaji yake. Wapo waliochora ramani ya njia waliyopita: mji wa New York, Mto Hudson ukipanda hadi Albany, na ngome zilizofuata mbele yake. Mwenye pembe alitembea na safari yake begani.

Mchongaji aliyenishika moyo zaidi ni John Bush, mtu mweusi aliyekuwa huru, mwenyeji wa Shrewsbury, Massachusetts. Mwaka 1755 alikuwa kambini Lake George, akiwachongea wenzake majina yao kwa herufi zenye mikia inayojikunja kama mimea itambaayo. Wachongaji waliokuja baada yake walifuata mtindo huo. Ngome ya Fort William Henry ilipoanguka Agosti 1757, Bush alichukuliwa mateka, na hakurudi kwao tena. Leo pembe alizozichonga zinatunzwa kama hazina. Sijui kwa nini watoto wa shule hawafundishwi jina lake kabla ya majina ya majenerali.

Kazi hiyo nilijifunza kwa mzee mmoja fundi. Pembe mbichi huchemshwa mpaka mfupa wa ndani uachie, kisha hukaushwa. Ncha yake haina uwazi, kwa hiyo unapitisha waya ndani mpaka ugote, unaulaza tena kwa nje, na hapo unajua utoboe kwa kekee kutoka wapi. Kitako hakizaliwi duara. Hulainishwa katika maji ya moto, kikasukumiwa kibao cha mviringo, kikapoa na umbo jipya. Kisha kukwangua kwa kisu na kipande cha kioo, mpaka pembe iwe nyembamba kiasi kwamba ukiielekeza kwenye jua unaona baruti imefika wapi.

Kupanga mchoro ndiko kugumu kuliko kuchonga. Ukiviringisha karatasi kwenye pembe, ukaichora, kisha ukaitandaza mezani, utaona mstari ulionyooka umepinda. Upande wa ndani wa mkunjo husuguana na nguo, hivyo huachiwa mambo machache. Jina hukaa linapoonekana kwanza. Nikisharidhika na penseli nachanja kwa ncha ya kisu, mikato miwili inayokutana chini. Kivuli hakipakwi rangi, hutokana na mistari mifupi iliyosongamana. Mwisho nasugua masizi yaliyochanganywa na mafuta, nafuta kwa kitambaa, na weusi unabaki ndani ya mikato tu.

Mwanzoni nilichonga walichochonga wote: simba, taji, Mto Hudson. Wanunuzi ndivyo walivyotaka. Lakini kadiri nilivyozitazama zile za kale ndivyo nilivyoelewa kwamba yule askari alichora njia aliyoikanyaga mwenyewe. Basi nikachora njia ya misafara ya kwetu. Bagamoyo niliiweka kitakoni penye nafasi, nikaizungushia mashua, Mpwapwa ikafuata, Tabora nikaipa miembe yake katikati, Ujiji na ziwa vikakaribia mdomo. Juu nikaandika jina la babu. Hiyo siiuzi.

Hata huko Marekani pembe iliacha kazi yake ya kwanza zamani. Karne ya 19 ilileta chupa za baruti za shaba, kisha risasi zenye maganda, na vita havikuihitaji tena. Leo hununuliwa na wapenda historia na wanaopiga bunduki za kizamani kwa kujifurahisha. Siku hizi zipo pia zinazochorwa na mashine kwa dakika chache, na nyingine hutiwa rangi ya uzee na kuuzwa kama za mwaka 1758. Hili la pili ni wizi. Linamwibia mnunuzi, na linamwibia John Bush na wenzake.

Wewe unayechonga, iwe pembe, kinyago au mlango, andika jina lako na mwaka chini ya kazi yako, ndani kabisa ya mkato, pasipofutika kwa msasa.