Ndege Asiyeruka na Safari ya Sumbawanga

Kuna wanaume wazima, wenye kazi zao nzuri, ambao bado wanaota kupanda ndege asiyeruka. Wangu ni mmojawapo. Kila jioni yuko kwenye gemu lake la kompyuta, amekaa juu ya lidege lirefu kuliko farasi, anakimbizana na maadui. Likizo ilipokaribia akaja na wazo: twende Oudtshoorn, Afrika Kusini, mji uliotajirika kwa manyoya ya mbuni hadi soko lilipoanguka mwaka 1914, na ambako watalii wamewahi kupandishwa migongoni mwa ndege hao.

Nikamweleza habari zenyewe. Mbuni dume ana zaidi ya kilo 100 na hukimbia hadi kilomita 70 kwa saa. Mbio anazo, ila mgongo wake haukuumbwa kubeba mzigo kama wa punda. Hufunikwa kichwa kwa mfuko ili atulie, mpandaji anakaa akishikilia mabawa, halafu mfuko unavuliwa. Mume wangu ana kilo 92. Nikamuuliza, "Laazizi, huyo ndege kakukosea nini?"

La pili lilikuwa zito zaidi. Nauli ya watu wawili ingemaliza akiba yetu, na mama mkwe alikuwa hajaniona tangu harusi. Tukanuniana siku mbili nzima. Ya tatu tukakata tiketi za basi.

Ukitoka Mbeya unapita Tunduma, unashika lami hadi Sumbawanga, juu kabisa kwenye uwanda wa Ufipa, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Jina lenyewe maana yake "tupa uchawi". Sisi tulitupa kinyongo. Baridi ya Julai usipime!

Mbuni huko hakuna, kwao ni mbuga za kaskazini kama Serengeti na Tarangire. Kuna maksai wanaolima na kuvuta mikokoteni. Mume wangu akaomba apande mgongoni mwa mmoja. Mama mkwe alicheka hadi kanga ikamdondoka.

"Mwanangu, huyu anavuta, habebi mtu. Kila kiumbe na kazi yake."

Akaelewa papo hapo. Mimi nilikuwa nimesema siku mbili!

Tukaenda na Kalambo, maporomoko ya zaidi ya mita 200 mpakani na Zambia. Kongoti hujenga viota kwenye kingo zake, na wakijiachia juu ya bonde unasahau kuongea. Mume wangu alinishika mkono bila kutafuta simu.

Kwa hiyo wapendanao, kabla ya kulipia raha jiulizeni: nani ataibeba, na nani yuko nyumbani anawasubiri?

Tulirudi na ndege mmoja tu, jogoo wa zawadi. Naye ndiye aliyempanda mume wangu: alikaa mapajani mwake hadi Mbeya.