Mamluki ni Nani? Shule za Kibinafsi na za Umma katika Kandanda ya Sekondari

Kila muhula wa pili unapowadia, viwanja vya shule nchini Kenya hufurika mashabiki, na pamoja na nyimbo na vumbi huzuka mjadala ule ule usiozeeka. Shule ya umma imefungwa na shule ya kibinafsi. Walioshindwa wanadai kwamba mizani ilikuwa imeinama hata kabla ya kipenga kupulizwa; walioshinda wanajibu kwamba mabao hayafungwi kwa noti za benki. Mwamuzi huondoka zake, lakini swali hubaki uwanjani: je, ni haki shule ya kibinafsi kushindania kombe moja na shule ya umma?

Wanaolalamika wana hoja nzito, na si vyema kuwapuuza. Shule ya umma haijipangii mapato. Tangu mwaka wa 2018 serikali ilikadiria shilingi 22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari wa kutwa, fedha ambazo aghalabu huchelewa kufika, na ambazo kwazo ni fungu dogo tu linalotengewa shughuli za nje ya darasa. Fungu hilo ndilo linalotarajiwa kugharimia riadha, voliboli, muziki, drama na kabumbu. Mwalimu wa michezo wa shule ya kutwa huwa pia mwalimu wa Hisabati au Historia, na jioni ya mazoezi huwa na rundo la madaftari ya kusahihishwa likimsubiri. Wachezaji wake wawili huenda wakavaa daluga zile zile kwa zamu. Kwa upande wa pili, shule ya kibinafsi yenye uwezo hujipangia karo yake, huajiri kocha asiye na kazi nyingine, na ikiona kijana hodari katika kata ya mbali humwita mzazi na kumwambia kwamba karo yote imesamehewa.

Hapo ndipo neno “mamluki” linapoingia. Katika lugha ya michezo ya shule humu nchini, mamluki ni mchezaji wa kukodiwa: yule asiye wa shule hiyo kwa haki, aliyeletwa ili kushinda. Mashabiki hulitamka kwa hasira, nao magazeti ya Kiswahili huliandika kila msimu. Hata hivyo, ni wachache wanaokumbuka asili yake. Neno hili lilitoka katika Kiarabu, na maana yake ya awali ni mtu aliyemilikiwa, mtumwa. Askari walioitwa hivyo walinunuliwa wakiwa vijana, wakafunzwa vita, hatimaye wakatwaa utawala wa Misri kuanzia mwaka wa 1250. Yafaa kulitafakari hilo, maana lawama yote ya neno humwangukia mvulana wa miaka kumi na sita, ilhali asili ya neno inamwelekeza msikilizaji amtazame mwenye kumiliki.

Nani basi anayemiliki? Jibu la haraka ni shule ya kibinafsi. Jibu hilo halitoshi. Msomaji anayefuatilia kandanda ya shule za sekondari aorodheshe majina yaliyoitetemesha nchi kwa miongo kadhaa: Kakamega iitwayo Green Commandos, Musingu iitwayo Scorpions, St. Anthony's ya Kitale iitwayo Solidarity. Zote ni shule za umma. Zote ni shule za bweni, na ni shule zinazoruhusiwa kupokea wanafunzi kutoka mbali na mahali zilipo. Kijana mwenye kipawa huota kuvaa jezi zao tangu angali katika shule ya msingi, na wafadhili wa kumlipia karo hawakosekani. Hakuna hatia katika hilo. Lakini shule ya kutwa iliyo kilomita tano kutoka kwenye bweni hilo hucheza na watoto wa kijiji kimoja au viwili, na inapokutana na jirani yake katika mechi za kaunti ndogo huwa inacheza na mkoa mzima. Kilio chake ni kile kile cha shule ya umma dhidi ya shule ya kibinafsi, ila safari hii aliyemshinda ni ndugu yake wa umma, na kwa hiyo halii kwa sauti.

Jina “kibinafsi” nalo linaficha mengi. Katika mitaa ya Mathare, Kibera na Mukuru zimo shule za kibinafsi ambazo majengo yake ni ya mabati na ambazo hazina hata kiwanja cha mpira wa pete. Zilianzishwa kwa sababu shule za umma hazikutosha. Kuziweka katika kundi moja na akademia yenye bwawa la kuogelea, kisha kuzitoza adhabu moja kwa sababu ya cheti cha usajili, ni dhuluma.

Ni kweli kwamba upo umiliki wa aina ya pekee ambao shule ya umma haiwezi kuufikia. Mfano wake mkubwa uko Uganda. Shule ya St. Mary's Kitende, katika barabara ya Entebbe, ni ya Lawrence Mulindwa, aliyekuwa rais wa shirikisho la soka la Uganda, FUFA, tangu 2005 hadi 2013. Mulindwa ndiye pia mmiliki wa klabu ya Vipers, na uwanja wa klabu hiyo, uliofunguliwa mwaka wa 2017, uko papo hapo Kitende na una jina la shule. Kijana anayeingia kidato cha kwanza hapo anaiona ngazi nzima mbele yake: darasa, timu ya shule, klabu ya ligi kuu. Shule hiyo imetwaa ubingwa wa Afrika Mashariki zaidi ya mara moja, na shule za umma za Kenya zinazovuka mpaka kwenda kukabiliana nayo zinaujua uzito wake. Lakini ni vigumu kumwambia mzazi wa mchezaji wa Kitende kwamba ngazi hiyo ni ubaya.

Marekani imepambana na suala hili kwa muda mrefu, kwa kuwa kila jimbo lina chama chake cha michezo ya shule za upili na kila chama hujitungia kanuni. Tennessee ilichagua kutenganisha. Kuanzia mwaka wa 1997, shule za kibinafsi zilizowapa wanamichezo msaada wa karo ziliwekwa katika kitengo chao. Kanuni hiyo inaonekana safi mpaka itazamwe kutoka upande wa mtoto maskini: shule iliyotaka kubaki na wenzake wa umma ilipaswa kutomsaidia mwanamichezo karo. Illinois ilichagua kuzidisha. Tangu mwaka wa 2005, idadi ya wanafunzi wa shule isiyo na mipaka ya eneo huzidishwa kwa 1.65, hivi kwamba shule ya wanafunzi 600 huhesabiwa kuwa na 990 na kusukumwa kwenye daraja la shule kubwa. La kuzingatia hapa ni kwamba Illinois haikuuliza shule ni ya nani. Iliuliza kama ina mipaka. Ohio ilienda mbali zaidi. Katika utaratibu uliopitishwa mwaka wa 2014 na kuanza kutumika mwaka wa 2017, kandanda ikiwa miongoni mwa michezo iliyohusika, huhesabiwa wachezaji waliomo kikosini na kuulizwa kila mmoja ametokea wapi. Shule inayokusanya kutoka nje huongezewa hesabu, iwe ya umma au ya kibinafsi.

Swali la Ohio ndilo linalostahili kuulizwa Kenya. Si lazima kumfukuza yeyote kwenye mashindano, wala kumnyang'anya mtoto ufadhili uliompa kitanda, chakula na vitabu kwa sababu mguu wake wa kushoto ni mzuri. Ufadhili huo kwa wengi ndio mlango pekee wa sekondari, na anayeufunga kwa jina la haki amwonyeshe mtoto mlango mwingine. Linalowezekana ni kuzipanga shule kwa jinsi zinavyokusanya: zenye kuteua wachezaji kutoka kaunti nyingi zianze kukutana zenyewe kwa zenyewe, nazo za kutwa, za umma na za mabati, ziwe na kombe lao hadi ngazi ya taifa. Takwimu si kisingizio. Mwaka wa 2017 Wizara ya Elimu ilianza kuwasajili wanafunzi kwa nambari ya kipekee katika mfumo wa NEMIS, na kujua mchezaji alisomea wapi kabla ya sekondari si kazi ya mpelelezi.

Jambo hili halina muda mrefu wa kungojea. Mtaala wa umilisi umeleta katika sekondari ya juu mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo, na si kila shule iliyoruhusiwa kuutoa. Kijana anayetaka kuusomea atahama kwa idhini ya wizara, akiwa na barua mkononi, na hakuna shabiki atakayeweza kumwita mamluki. Shule ya kutwa ya kijijini, iliyozoea kumpoteza mshambuliaji mmoja kila mwaka, itakabiliwa na shule iliyopewa na serikali yenyewe kazi ya kuwakusanya washambuliaji, na zote mbili zitakuwa za umma.