Wenye Siri: Mabrahmani wa Bara Hindi na Abiru wa Kwetu

Mwaka uliopita nilikuwa nikifundisha methali katika darasa la mwaka wa nne wa sekondari, hapa Nyakabuye. Tulipoifikia ile isemayo Baniani mbaya kiatu chake dawa, mwanafunzi mmoja aliuliza Baniani ni kabila gani. Nilijibu kwa wepesi, kama tujibuvyo sisi walimu tunapotaka kumaliza kipindi. Nilisema kuwa neno hilo lina asili ya Kigujarati, na kwamba huko lilimaanisha mtu wa jamii ya wafanya biashara. Kisha nikaongeza, bila kuulizwa, kwamba juu ya jamii hiyo wako makuhani waitwao Mabrahmani. Msichana aliyekaa mbele akauliza: "Juu yao kwa nini, Mwalimu?" Nikasema: kwa kuzaliwa.

Msomaji asiyeishi Rwanda huenda asielewe kimya kilichofuata. Watoto wale wamezaliwa baada ya 1994 kwa miaka mingi, lakini nyumba zote walikotoka zinakumbuka. Katika miaka ya 1930 Wabelgiji walianza kumwandikia kila mtu katika kitambulisho chake kile tukiitacho kwa Kinyarwanda ubwoko, na maandishi yale yalidumu hadi mauaji ya kimbari, ambapo kadi moja iliyoonyeshwa kwenye kizuizi ilitosha kumwua mtu. Baada ya hapo yaliondolewa. Basi mwalimu anaposimama mbele ya darasa na kusema kwamba wako watu walio juu kwa kuzaliwa, hawezi kuifunga chaki katika kasha na kwenda zake. Niliahidi kulieleza jambo hilo wiki ifuatayo, nikaenda nyumbani nikiwa na haya.

Taabu yangu ya kwanza ilikuwa ya neno. Kamusi zinatupa tabaka, lakini tabaka katika Kiswahili cha siku hizi ni jambo la mali: mtu hupanda na kushuka. Kabila ni watu wenye lugha yao na nchi yao. Ukoo ni udogo mno. Ubwoko wa Kinyarwanda huchukua yote: ukoo wa Abasinga au Abazigaba, lile neno la kitambulisho, hata aina ya maharagwe. Wahindi wenyewe hutofautisha mambo mawili. Kuna varna, yaani mgawanyo wa watu wote katika mafungu manne, na kuna jati, yaani jamii ndogo ndogo zipatazo maelfu, ambazo ndizo hasa mtu huzaliwa, huoa na kuzikwa ndani yake. Hatimaye niliamua kusema jamii ya kuzaliwa. Si neno zuri, ila halidanganyi.

Katika utenzi mmoja wa Rigveda, kitabu kikongwe kuliko vyote vya dini ya Kihindu, yasimuliwa kwamba mwanadamu wa kwanza alitolewa sadaka, na kinywa chake kikawa Brahmani, mikono yake ikawa wapiganaji, mapaja yake wakulima na wachuuzi, na miguu yake watumishi. Nawaomba walimu wenzangu waiangalie picha hiyo kwa jicho la lugha. Kuhani hakutoka kichwani wala moyoni, alitoka kinywani. Kazi yake ilikuwa kusema. Kwa karne nyingi Veda hazikuandikwa. Zilihifadhiwa kwa kukaririwa, na sauti ikipanda mahali pa kushuka ibada iliharibika. Wanafunzi wa Kibrahmani walijifunza mistari kwa kuisema mbele, kisha kwa kuyarudia maneno yake nyuma na mbele kwa mafumbano maalumu, ili pasipotee hata silabi moja. Kutokana na uangalifu huo alizuka Panini, karne nne au tano hivi kabla ya Kristo, aliyeieleza Sanskriti kwa kanuni zikaribiazo 4,000, fupi fupi, za kukaririwa. Wataalamu wa isimu wa leo wangali wakimstahi. Kwa hiyo sarufi, hii tuilalamikiayo na kuilia mshahara, ilikulia nyumbani mwa makuhani.

Lakini uangalifu huo ulikuwa na ukuta. Mvulana wa Kibrahmani alivishwa uzi mtakatifu begani, akahesabiwa kuwa amezaliwa mara ya pili, akaanza masomo. Mtu wa fungu la nne hakuruhusiwa hata kusikia. Sheria moja ya kale, inayohusishwa na Gautama (si yule Buddha), yaagiza kwamba mtu wa namna hiyo akiisikiliza Veda kwa makusudi, masikio yake yajazwe madini yaliyoyeyushwa. Kama agizo hilo lilitekelezwa au lilibaki kuwa tishio la vitabuni ni jambo lingine. Aliyeliandika alijua alichotaka kulinda. Na chini ya mafungu yote manne waliwekwa wale wasioguswa, ambao katika vijiji vingi walizuiwa kuteka maji kisimani pamoja na wengine.

Nisiwafanye Mabrahmani kuwa mtu mmoja. Wengi wao hawakuwa makuhani kamwe: walikuwa wakulima, makarani, wapishi, hata askari, na miongoni mwao wenyewe, yule aliyeishi kwa kusomea watu ibada kwa malipo mara nyingi alidharauliwa na mwenzake mwenye shamba au mwenye elimu. Mtu aliweza kuwa Brahmani na kulala njaa. Heshima ilikuwa kitu kimoja, na akiba ya ghalani kitu kingine. Waingereza walipotawala walihitaji wasomi, na waliokuwa tayari na mazoea ya kusoma wakazijaza ofisi na vyuo. Kutoka huko kukatokea upinzani. Jotirao Phule alianzisha chama cha kutafuta kweli mwaka 1873. B. R. Ambedkar, aliyezaliwa miongoni mwa wasioguswa, aliongoza mkutano wa Mahad ambako sheria za Manu zilichomwa moto tarehe 25 Desemba 1927. Baadaye akawa mwenyekiti wa kamati iliyoandika katiba ya India, ambayo tangu 1950 imepiga marufuku desturi ya kutogusana. Marufuku ya karatasini haikumaliza desturi ya jikoni, na mwaka 1956 Ambedkar aliiacha dini hiyo akawa Mbuddha pamoja na umati mkubwa wa watu wake.

Katika Afrika Mashariki yetu Mabrahmani walikuwa wachache. Waliovuka bahari walikuwa zaidi wafanya biashara na mafundi: Bhatia wa Kutch waliofika Zanzibar zamani za Masultani, Lohana, Patel. Kwa Brahmani mshika desturi, kuivuka bahari kulihesabiwa kuwa unajisi. Hata hivyo mahekalu yalihitaji wasomaji, na wasomaji wakaja. Mwaka 1903 Arya Samaj ilianzishwa Nairobi. Chama hicho kilifundisha kwamba ubrahmani ni wa elimu na mwenendo, si wa tumbo la mama. Mwasisi wake huko India, Dayananda Saraswati, alikuwa yeye mwenyewe mzaliwa wa Kibrahmani, na jambo hilo hunipendeza.

Hayo yote niliyaandaa. Lakini nilipoketi na daftari langu niliona kwamba nitawafundisha watoto wa Cyangugu habari za mbali na kuyaruka ya nyumbani. Maana sisi nasi tulikuwa na wenye kinywa.

Hao ni abiru. (Mwenzetu wa Ankole asidanganyike na sauti: bairu wa kwao ni raia wa kulima, umwiru wa Rwanda ni mtunza siri wa mfalme.) Abiru walihifadhi ubwiru, yaani utaratibu wa ibada za ufalme, uliogawanywa katika nzira kumi na nane: nzira ya moto, ya nyuki, ya kunywesha ng'ombe, ya ukame, ya kumtawaza mfalme, ya umuganura, yaani malimbuko ya mtama na ulezi. Kila nzira ilikaririwa neno kwa neno na kurithishwa kutoka baba kwa mwana, na kumena siri kulikuwa hatari ya maisha. Jina la mrithi wa kiti lilikaa vinywani mwa abiru wachache. Wakuu wao, Abatsobe, walikuwa na heshima karibu na ya kifalme. Hapa lakini kuna tofauti nisiyotaka ipite kimya: abiru hawakuwa wa kundi moja. Walikuwamo wa koo za Kitutsi na wa koo za Kihutu, kila ukoo na sehemu yake ya ibada. Wazungu waliokuja na vipimo vyao vya pua walipendelea kutoliona jambo hilo.

Mwaka 1925 Wabelgiji walimwondoa Gashamura, mkuu wa Abatsobe, wakampeleka Burundi, na umuganura ukakatazwa. Mwaka 1931 walimwondoa mfalme Musinga mwenyewe, na kumleta huku kwetu, Kamembe, kabla ya kumhamishia Moba nchini Kongo, alikofia mwaka 1944. Siri zenyewe zilianza kuandikwa chini ya mwanawe Rudahigwa, kwa kazi ya Padre Alexis Kagame, na mwaka 1964, wakati ufalme ulikwisha kufutwa, d'Hertefelt na Coupez walizitoa kitabuni. Leo mtu yeyote aweza kuzisoma akiwa na Kinyarwanda cha kale au Kifaransa. Sikujua nifurahi au nisikitike.

Niliyaeleza hayo darasani, nami nikaona naeleza vizuri. Hapo akasimama kijana mmoja kutoka Bugarama, ambako Kiswahili husemwa sokoni na nyumbani, kile chenye ladha ya Kongo. Akasema: "Mwalimu, batu ba kwetu banasemaka ku Bukunzi kulikuwaka mwami wa mvua."

Nikasema: "Watu wa kwetu husema."

Akaanza tena. "Watu wa kwetu husema ku Bukunzi kulikuwaka..."

"Kulikuwa."

Akajaribu mara ya tatu, nami nikamrekebisha mara ya tatu, nadhani katika upatanisho wa ngeli. Akatabasamu kidogo, akaketi. Kengele ikalia.

Jioni ile ndipo nilipoikumbuka sheria ya Gautama, ile ya masikio. Mimi nilikuwa nimeziba kinywa. Tangu 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda, na katika darasa lile huenda mtoto yule ndiye peke yake aliyekinyonya pamoja na maziwa. Mimi nilikipata chuoni pamoja na stashahada ambayo imetundikwa ukutani kwangu katika fremu. Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa usanifu mwaka 1928 katika mkutano wa Mombasa, na hakuna aliyetoka Bugarama aliyeulizwa. Silaumu, lugha ya vitabu yahitaji kipimo, nami nitaendelea kukifundisha kipimo hicho. Lakini nilijua nimefanya nini, na kwa nini kilinipendeza nilipokuwa nikikifanya.

Na alichotaka kusema kilikuwa kweli. Milima hii ya kwetu, chini ya msitu wa Cyamudongo, ilikuwa pande za Bukunzi, ufalme mdogo ambao watawala wake asili yao yasemekana ilikuwa ng'ambo ya magharibi, kwa Washi. Nguvu yao haikuwa mikuki, ilikuwa mvua. Ikulu ya Rwanda, pamoja na abiru wake wote na nzira yao ya ukame, ilikuwa ikipeleka zawadi Bukunzi ili mvua inyeshe. Mfalme wao Ndagano hakutaka kuonana na Wazungu, akafariki mwaka 1923. Mwaka 1925 askari wa Wabelgiji wakauvunja ufalme ule, na malkia Nyirandakunze akauawa. Busozo, jirani yake, ukafuata mwaka 1926.

Bibi yangu mzaa baba alizaliwa miaka michache baada ya hapo. Nilipokuwa mtoto nilimwuliza kama baba yake aliijua ikulu ile. Alikuwa akichambua maharagwe. Alisema: "Mvua ni ya Mungu," akaendelea kuchambua. Kila nilipouliza alijibu hivyo hivyo, kwa sauti ile ile, hata nikaacha. Alikufa nikiwa chuoni, nikijifunza ngeli.

Siku ya tatu nilimwita yule kijana baada ya masomo, nikamwomba radhi. Jambo hilo lilimtia wasiwasi kuliko makosa yenyewe. Alitazama mlangoni kama mtu anayetafuta shahidi. Nikamwomba anisimulie. Alisema yale ni ya babu yake, naye hasemi kwa haraka, ni lazima aulizwe kwa adabu. Baada ya wiki mbili alirudi na kurasa mbili za daftari, nusu Kinyarwanda, nusu Kiswahili cha nyumbani kwao: ng'ombe waliokuwa wakiletwa kutoka ikulu, njia waliyopita, mahali walipolala. Kalamu nyekundu ilikuwa mezani. Niliitia mfukoni, nikamwambia anisomee kwa sauti, nami nikaandika kama alivyosema, pamoja na kulikuwaka zake zote.

Alipomaliza aliuliza kama hayo yatakuja katika mtihani. Nikamwambia hayatakuja. Akafikiri kidogo, akaniuliza kama basi aweza kumwuliza babu na habari za Busozo.