Klai Mbili

Nililikata neno kwenye daftari langu. Sikuuliza mtu. Nilipiga mstari, nikazima taa, nikalala nimeridhika kabisa.

Ilikuwa Bangkok, katikati ya Desemba, safari yangu ya kwanza kwenda kununua nguo za jumla Pratunam. Mwenyeji wangu, dada wa Mombasa aliyekwisha kukaa kule miaka sita, alinifundisha maneno ya kuanzia tukiwa mezani: sawatdi kha kwa salamu, khop khun kha kwa kushukuru, thaorai kwa kuuliza bei. Hiyo kha ni adabu ya msemaji mwanamke. Mwanamume husema khrap. Kila neno nililiandika kwa herufi zetu.

"Usiandike kwanza, dadangu. Sikiza."

Nikamjibu kwamba mimi akili yangu iko kwenye kalamu.

Kusema kweli nilikuwa nimeshavimba kichwa. Kithai hakina ngeli. Kitenzi hakibadiliki: unakula leo, ulikula juzi, neno ni lile lile. Na nilipoambiwa saa 1 usiku ni nueng thum, yaani moja, na saa 2 ni song thum, yaani mbili, hesabu kama ya kwetu, nikaona hawa ni ndugu zetu tuliopotezana njiani.

Usiku ule nikapitia daftari. Klai: karibu. Mistari mitatu chini yake, klai: mbali. Nikacheka peke yangu. Watu gani hao wataita karibu na mbali kwa jina moja, halafu wafike waendako? Nikaamua mwenyeji wangu kachanganya. Nikaikata ile ya mbali.

Siku ya nne, saa 9 na nusu alasiri, nikatoka na furushi la mwisho kulipeleka ofisi ya kago. Mzigo wote ulikuwa unasubiri furushi hilo na saini yangu, na ofisi inafungwa saa 11. Nikamwonyesha muuza matunda anwani, nikauliza kama ni karibu: klai mai kha? Akaitazama, akalitazama na furushi, akasema klai. Nikajitwisha, nikaenda. Mbele nikamuuliza mlinzi. Klai. Teksi zikanipita, sikuziangalia. Za nini, na ofisi iko karibu? Kijana wa pikipiki za abiria naye akasema klai, tena kwa huruma, nami nikamshukuru kwa kunitia moyo.

Saa 11 kasoro dakika 10 nilikuwa nimekalia furushi mbele ya mama mmoja muuza mishikaki. Nikamuuliza. Klai. Nikainuka niendelee, akanishika mkono. Akagusa meza yake, akasema klai. Kisha akaunyoosha mkono mpaka kule majengo yanakopotelea, akasema klai. Nikamwomba arudie. Akarudia taratibu. La kwanza lilianzia juu likaporomoka, kama mama anapomkataza mtoto: wee! La pili lilikwenda sawasawa, halipandi wala halishuki, kama mtu anayesoma orodha ya bidhaa. Yalikuwa maneno mawili. Yalikuwa mawili tangu kule mezani. Nikatoa daftari, nikautazama mstari wangu. Umenyooka vizuri sana.

Mimi huyu ndiye niliyemcheka mgeni wa Kizungu pale Kariakoo, aliyetaka kuelekezwa barabara akaitamka kama anayesema sawasawa kabisa. Na toni, huko kupanda na kushuka kwa sauti, si kitu kigeni kwetu. Kichaga cha bibi yangu kinazo, ila mimi nilikulia Ilala, nikakiacha Kibosho. Kithai kina toni tano, na toni ni sehemu ya neno kama ilivyo irabu. Mimi masikio yalizoea kwamba sauti hupanda kwa kuuliza tu, umekula?, kwa hiyo neno nililokuwa na mashaka nalo nililipandisha mwishoni bila kujua, na lile nililojiamini nalo nililisema bapa.

Hapo juu ya furushi ndipo nilipoikumbuka suai. Sauti ikipanda, maana yake ni -zuri. Ikienda bapa, ni mkosi. Nilikuwa najiamini sana na suai. Siku ya pili niliingia asubuhi na mapema katika duka la mama mmoja wa magauni, mteja wa kwanza, nikayanyooshea kidole moja baada ya jingine: suai, suai, suai. Alikunja uso nikadhani anaogopa nitaomba punguzo.

Ofisi niliifikia saa 11 na robo, imefungwa. Mzigo ukakosa ndege ya wiki ile. Magauni 140 ya Krismasi yalifika Dar es Salaam tarehe 27, wateja wangu wakiwa wameshapanda Moshi na nguo za watu wengine. Nusu niliyauza kwa bei niliyonunulia. Yaliyobaki niliyamaliza Pasaka.

Kabla sijaondoka Bangkok nilirudi kwa yule mama wa magauni. Nilimkuta ameshika noti za mauzo ya kwanza, anayagongagonga magauni kwa noti hizo ili siku ifunguke, jinsi wauzaji wengi wa kule wanavyofanya. Nikasubiri nje mpaka amalize. Nikaingia, nikamwamkia, nikalinyooshea kidole gauni nililolitaka, na mdomo nikaufunga.